Ini Mkononi mwa Baba

Kampala
20 Machi 1955

Mdogo wangu Mwanaima,

Nimefika chuoni salama. Uliponisindikiza stesheni hukunena neno, hata treni ilipoanza kuondoka. Nimevuka bahari, nchi kavu na ziwa nikiufikiria ukimya wako, na nimeamua kuujibu, kwa kuwa ukimya nao ni hoja, na hoja isiyojibiwa hujiona imeshinda.

Mnanilaumu kwa yaliyotokea katika hoteli ya Mikidadi. Naam, na tuyatazame. Baba alitaka kunipokea mbele ya watu. Alitukusanya wote: wewe, shangazi Sofia, mchumba wako Jumaa, na Mzee Mbaruku, mjomba wake Jumaa, aliyetoka Nanganga kuja kutazama mpwa wake anaoa ukoo gani. Tukakaa ndani ya banda lile la mabati yaliyoachwa na Wazungu wa mradi wa karanga, chini ya mbavu zilizoning'inizwa, huku mvuke wa supu ya makongoro ukichuruzika ukutani. Nikaomba maharage. Mikidadi akasema maharage ni ya vibarua mwisho wa mwezi, mtoto wa mchinjaji haulizii maharage. Nikaomba ugali na chumvi. Shangazi akasema, "Mbuzi naye hali nyama, lakini yeye hatukumpeleka Kampala kujifunza." Hoteli nzima ikacheka, nami nikacheka, maana mzaha ulikuwa mzuri.

Kisha Baba akakata ini la ng'ombe aliyemchinja alfajiri ile, akalichovya katika chumvi na pilipili, akalinyoosha hadi mdomoni pangu. Nikamwambia, "Baba, sili." Akadhani natania. Akasema, "Kula, mwanangu, ni mkono wangu."

Ndipo niliposimama, nikasema ninayoyarudia hapa kwa wino. Kisu kinachomchinja mnyama asiye na neno, na bakora iliyowachapa vibarua wa karanga katika mji huuhuu, vimechongwa na mkono mmoja, mkono wa mwenye nguvu aliyezoea kutoulizwa. Tunadai tusiliwe, na midomo yetu imejaa. Je, tutaidai haki kwa ulimi uliotapakaa mafuta?

Baba alibaki ameshika ini lile kama mtu aliyesahau alikuwa akienda nalo wapi. Mzee Mbaruku alikitoa mdomoni kipande alichokuwa akitafuna, akakirudisha sahanini, akanawa. Baada yake wakanawa wengine, meza baada ya meza, hadi hoteli ikabaki na nyama na nzi. Mwanaima, katika midahalo yote ya chuoni sijapata kuona hotuba ikiwaingia watu kwa haraka namna ile. Na ninyi, watu wangu, ndio mliokuwa na nyuso za msiba.

Ukiwa tayari kujibu, jibu kwa hoja.

Kaka yako katika mapambano,
Shaibu Isihaka


Nachingwea
17 Aprili 1955

Kaka Shaibu,

Barua yako imefika. Umeniomba hoja. Sina hoja, nina habari.

Hakuna aliyeielewa hotuba yako. Ilikuwa ya Kiswahili cha vitabuni, na wazee wale ni watu wa Kimwera ambao Kiswahili chao ni cha kuuliza bei ya ufuta. Walichokielewa ni kitendo. Mtoto wa mchinjaji, anayelala nyumba moja na mchinjaji, amekataa nyama kutoka mkononi mwa baba yake, kisha amesimama.

Wewe umezaliwa hapa, nami naona haya kukueleza. Hapa kwetu anayekataa nyama ya mchinjaji hakatai nyama, anakikataa kisu. Anasema mnyama hakusomewa bismillahi, au kisu kilimkuta amekwisha kufa. Ng'ombe wetu huja kwa miguu kutoka mbali, hupita kwenye mbung'o, na katika kila kundi wapo wanaoanguka porini. Kila mnunuzi hujiuliza moyoni aliyeanguka alipelekwa wapi. Siku zote jibu lilikuwa Baba. Watu walikula kwa sababu ni yeye. Sasa wanasema kijana amesoma, kijana ameona, kijana hakuweza kuvumilia kumwona mkwe wa dada yake akilishwa kibudu. Ndiyo maana walinawa.

Tangu siku ile bucha ya Baba haina mtu. Wiki iliyopita alichinja asubuhi, na jioni nilimkuta nyuma ya nyumba akichimba kwa jembe, akiifukia nyama nzima, mapaja na yote. Nilipomsogelea alisema, "Rudi ndani, kuna harufu." Mzee Mbaruku ametuma ujumbe kwamba mazungumzo ya ndoa yasimame hadi jambo liwe wazi. Na kabla ya Idi ya kuchinja wazee watakaa kuamua kisu cha mji kishikwe na nani. Halfani wa Kilimarondo amekwisha kujipeleka.

Baba hajui kwamba nakuandikia. Amenikataza. Nataka karatasi moja tu yenye maneno haya: "Mimi Shaibu sili nyama ya mtu yeyote, na kisu cha baba yangu ni halali." Mpelekee Mikidadi, ataisoma mbele ya wazee. Imani yako siigusi, baki nayo yote.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, kwa kipande cha mkaa kwenye ukuta wa ghala. Leo mimi ndiye ninayekuomba uandike.

Mdogo wako,
Mwanaima


Kampala
12 Juni 1955

Mdogo wangu Mwanaima,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nimeona kalamu nzuri ikitumiwa vibaya.

Unaniomba nitie saini hati ya usafi wa kisu. Fikiri unachoomba. Nikisema kisu cha Baba ni halali, nimesema upo uchinjaji unaostahili kusifiwa. Nikikisifu leo kwa ajili ya baba, kesho nitaisifu bakora kwa ajili ya mjomba, na keshokutwa nitausifu utawala wote wa kigeni kwa kuwa una karani niliyesoma naye. Hivi ndivyo watu wetu walivyouzwa tangu zamani, neno moja dogo la huruma kwa jamaa, kisha jingine. Sitakuwa mtu huyo. Ikiwa mji unamshuku Baba kwa sababu ya uongo, nami nitamwokoa kwa uongo wa pili?

Hata hivyo sikukataa kuandika. Nimemwandikia Mikidadi kama ulivyotaka, ila kwa maneno yangu mwenyewe, mepesi ya kutosha kwa mtu wa ufuta. Nakunakilia mwisho wake uone kwamba sikuficha kitu:

"Wazee wa Nachingwea, mnabishana ni kisu cha nani kilicho safi. Nawaambieni, hakipo. Mimi nimekulia chini ya kisu cha baba yangu, nakijua kuliko ninyi nyote, nami nashuhudia kwamba si safi. Kitupeni. Msitafute kingine."

Neno hili litawauma mwanzoni, kama dawa ya kidonda. Kuhusu Mzee Mbaruku, mtu anayeahirisha ndoa ya mpwa wake kwa ajili ya kipande cha ini amekuonyesha mapema thamani anayokupa. Ungemshukuru. Na Jumaa, ambaye katika mambo haya yote sijasikia sauti yake hata mara moja, ni mwanamume gani huyo wa kumlilia?

Msalimie Baba. Mwambie mwanawe hasemi uongo.

Shaibu Isihaka


Narung'ombe
21 Agosti 1955

Mwanangu Shaibu,

Salamu kutoka kwangu mimi baba yako. Anayeandika ni Mwanaima. Mimi nasema kwa lugha yetu, yeye anageuza.

Mimi ni mzima. Shangazi yako ni mzima, anakohoa kidogo. Idi imepita.

Kisu nimekiweka chini. Anayechinja mjini sasa ni Halfani. Sisi tumehamia huku Narung'ombe, katika shamba la marehemu mama yako. Mikorosho imechanua vizuri. Nyama haiingii tena nyumbani kwetu. Tunakula mihogo na mbaazi na kisamvu, tumezoea. Kwa hiyo usiogope kuja likizo. Utapata chakula unachokila wewe.

Soma sana. Kampala kuna baridi asubuhi, jifunike.

Mimi baba yako,
Isihaka

Mwandishi hana la kuongeza.


Kampala
2 Oktoba 1955

Baba yangu mpenzi, Mzee Isihaka,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia siku ya mkutano wetu, na sikuweza kuistahimili peke yangu. Nilipanda nayo jukwaani.

Niliwaambia hivi wenzangu: "Mnasema wazee wetu hawabadiliki. Mnasema tungoje kizazi kingine. Basi sikilizeni. Baba yangu ni mchinjaji. Hakusoma hata darasa moja. Mimi mwanawe sijatia mnofu mdomoni kwa miaka miwili, uwe umechinjwa na nani, uwe umepikwa na nani, uwe wa hapa au wa Makka, na nilimwambia hivyo mbele ya mji mzima. Hakunilaani. Alikaa na neno lile, likamfanyia kazi, na leo ameandika." Kisha nikasoma, "Kisu nimekiweka chini." Nikasoma, "Nyama haiingii tena nyumbani kwetu." Baba, walisimama wote. Waislamu, Wakristo, Wahindi, waliosimama walikuwa ukumbi mzima, na wengine hawakuwahi kulisikia jina la Nachingwea kabla ya saa ile.

Mchinjaji wa Nachingwea ameishinda nafsi yake. Nani atatuambia sasa kwamba mwenye nguvu hawezi kuuachia mpini kwa hiari?

Nitakuja Desemba. Nataka tuingie tena hoteli ya Mikidadi, familia nzima, tukae meza ileile, na wewe Baba uagize maharage kwa sauti ambayo mji utaisikia.

Mwanaima mbona haandiki? Ndoa yake ikipangwa, nashauri karamu yake isiwe na nyama. Itakuwa ya kwanza ya namna yake wilayani.

Mwanao mwenye fahari,
Shaibu


Narung'ombe
6 Novemba 1955

Kaka Shaibu,

Barua yako nilimsomea Baba yote. Sikuruka neno. Nilipofika mahali pa wanafunzi kusimama alinizuia akauliza, "Walisimama wote?" Nikamwambia barua inasema wote. Akaniomba nirudie hapo. Kisha akasema, "Basi wako watu waliosimama kwa ajili yangu," akachukua jembe akaenda shambani. Barua ameichukua yeye, iko mfukoni mwa kanzu.

Amenikataza kukwambia yanayofuata. Alinikataza Aprili nikakuandikia, namvunjia neno mara ya pili. Nitakwambia jinsi alivyoishinda nafsi yake.

Wazee walikaa Ijumaa baada ya sala. Baba alikwenda na kisu chake amekifunga katika kitambaa cheupe, kama afanyavyo mchinjaji anayengoja kuthibitishwa. Mikidadi alifungua barua yako. Alipofika "nakijua kuliko ninyi nyote" alisita, akamtazama Baba. Mzee Mbaruku akamwambia, "Endelea, mwana anashuhudia." Akaendelea. Baada ya "si safi" hakuna aliyemuuliza Baba lolote. Hawakumtukana, ungependa kujua. Halfani alinyoosha mkono tu, kama mtu anayeomba apishwe njiani, na Baba akampa kisu pamoja na kitambaa chake. Hayo ya kitupeni, msitafute kingine, Mikidadi aliyasoma pia, lakini walikuwa wamekwisha kusimama.

Siku ya Idi alichinja mbuzi wetu wenyewe nyumbani, akagawa mafungu kwa majirani kama kila mwaka. Yalirudi yote. Yalirudi yamefunikwa kwa majani yaleyale niliyoyafunikia. Fungu la Mikidadi halikurudi, na shangazi alishukuru, akasema walau mmoja, hadi tulipowaona mbwa wa hotelini wakiligombania uani. Ndipo tulipohama.

Jumaa ameoa Septemba, hukohuko Nanganga. Mzee Mbaruku alimtuma mtu kuzifuata kanga alizoniletea Jumaa za uchumba. Moja nilikuwa nimeivaa. Nilimwambia mtu huyo ageuke, nikaivua, nikaikunja, nikampa.

Hii ndiyo karamu yangu isiyo na nyama, nawe umekuwa wa kwanza kuipongeza.

Tonge moja lingetosha, Kaka. Ungelitafuna mkononi mwa Baba, ukaenda kulitema nyuma ya hoteli, ukamwomba radhi huyo ng'ombe kwa hotuba ndefu kadiri ya moyo wako. Angekusamehe, alikuwa amekwisha kufa. Sisi tulikuwa hai. Unawaonea huruma wanyama, nasi tungefurahi kuhesabiwa miongoni mwao.

Mwanaima


Nachingwea
1 Januari 1956

Mwanaima,

Nakuandikia nikiwa katika hoteli ya Mikidadi, juu ya meza ileile. Dereva wa lori la Ruangwa atakufikishia.

Barua yako ilinikuta nikifunga mizigo. Sitajitetea. Uliandika kwamba tonge moja lingetosha, na kutoka Kampala hadi hapa sikusikia sauti nyingine, si ya mashine ya meli, si ya magurudumu ya treni. Nimekuwa mtu wa maneno tangu nijitambue. Umenifundisha kwamba mji huu husoma vitendo. Basi nimewaandikia kitendo.

Nimekula.

Niliingia saa ya adhuhuri, hoteli ikiwa imejaa, nikaagiza ini. Mikidadi alisema, "Maharage yapo leo, msomi, nimejifunza." Nikamwambia ini. Alilileta mwenyewe, akasimama kando yangu na taulo begani, na watu wakaacha kutafuna. Nilichovya katika chumvi na pilipili kama alivyofanya Baba. Tonge la kwanza lilinirudi, nikalimeza tena. Nilikula hadi sahani ikawa nyeupe. Kisha nikasimama, na safari hii nikasema kwa Kimwera, ili asiwepo wa kusema hakuelewa: "Mimi ni mwana wa Isihaka, nami nakula nyama."

Hawakucheka, hawakunitukana. Walitazamana. Halfani, aliyekuwa meza ya mlangoni, alinijia akanishika mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu aliyeshika kisu cha Baba. Nadhani ameona haya.

Nadhiri yangu nimeivunja mbele ya mashahidi. Wenzangu chuoni wakisikia wataniita msaliti, na watakuwa na haki. Sijuti. Mwambie Baba anyanyue uso. Mwambie ajiandae kurudi mjini. Ijumaa nakuja Narung'ombe kumbusu mkono, mkono uleule.

Shaibu


Narung'ombe
3 Januari 1956

Kaka Shaibu,

Habari ilifika kabla ya barua. Dereva aliishusha pamoja na mifuko ya chumvi, na waliokuja kununua chumvi wakaondoka na vyote viwili.

Wanasema, kumbe nyama anakula. Kumbe ya Halfani anaila hadi sahani ikawa nyeupe. Ni ya baba yake tu ndiyo aliyoikataa.

Haya yafuatayo huyajui, kwa kuwa yametokea ukiwa njiani. Barua yako ya Oktoba, ambayo mimi niliichukia, Baba alitembea nayo Desemba nzima. Kila nyumba iliyomfungulia mlango alinichukua niisome. "Someni wenyewe," aliwaambia, "mwanangu hali nyama ya mtu yeyote, iwe ya hapa au ya Makka. Kisu changu hakukikataa zaidi ya visu vingine. Someni, wanafunzi walisimama." Mwanzoni walimsikiliza kwa heshima ya uzee. Kisha Mzee Mbaruku akaja kutoka Nanganga kwa baiskeli, akataka aisikie kwa masikio yake. Aliisikiliza akitazama chini. Aliuliza mara mbili mahali pa miaka miwili. Akasema, "Kumbe kijana ni wa namna hiyo kweli. Sisi tulimvika maneno yetu." Kisha akasema, "Isihaka, nichinjie kuku."

Baba hakuwa na kisu. Alichinja kwa kile cha jikoni, akasoma bismillahi kwa sauti ya mtu anayeadhini. Mzee Mbaruku alikula mkekani petu, mbele ya majirani, hadi mifupa. Alipoondoka aliahidi kusema na wazee wa mjini Ijumaa, Ijumaa hii, kisu kirudi kwa mwenyewe. Hatukukuandikia. Baba alisema utaikuta habari hii ukifika, afadhali uione kwa macho.

Jana Mzee Mbaruku alipita hapa. Hakushuka kwenye baiskeli. Alisema, "Amekula ya Halfani," akaendelea na njia yake. Kwenye kona nilimwona akitema mate, kama mtu aliyekumbuka alichokula.

Baba alikuwa amekaa ukumbini. Aliniita akauliza, "Alikula ini?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza, "Akalimaliza?" Nikamwambia alilimaliza. Akasema, "Basi alikuwa na njaa. Safari ni ndefu." Barua yako ya Oktoba ameitoa mfukoni, akanipa nikaitie motoni jikoni.

Niliandika kwamba tonge moja lingetosha. Nilisema mkononi mwa Baba. Wewe unayesoma vitabu vizima, mstari ule mmoja ulikushinda.

Usije Ijumaa. Hatumfungulii mgeni. Mbaazi tulizokuwekea shangazi amewamwagia kuku. Wamenenepa sana kuku hao, na sasa watazeeka wote, kwa kuwa katika nyumba hii hakuna wa kuwachinja.

Mwanaima binti Isihaka